Pumzi ya Jaji Ndani ya Puto

Benchi letu ni la ubao wa mvule, liko Busia upande wa Uganda, mbele ya kibanda changu cha kutengeneza baiskeli, karibu na mpaka kiasi kwamba ukitema mate na upepo upo, yanaanguka Kenya. Mwaka ni 1961 na bendera ya Malkia ingali juu pale polisi. Bi Hajarah anauza kahawa ya tangawizi pembeni, na kando ya benchi kiko kinu chake cha zamani, kilichopasuka tumbo, kimegeuzwa juu chini. Kinu hicho ndicho mahakama yetu. Mtu akiambiwa na benchi kwamba ni muongo, anahamia pale, peke yake, mpaka athibitishe neno lake. Usicheke. Wafanyabiashara wa hapa na wa ng'ambo hawana lori la kila siku. Vitu vyao huenda Tororo, Molo na Nagongera nyuma ya baiskeli za watu, na kabla ya kumkabidhi mtu mzigo, huja kwanza kutazama amekaa wapi. Wa benchi hupewa. Wa kinu hapewi hata chumvi ya kufunga kwenye leso. Na tangu mwezi uliopita, wa kinu alikuwa Badiru.

Badiru tunamwita Pwani. Kwao ni Tororo mjini, lakini ujana wake aliumalizia Malindi, akimsaidia Mzungu mmoja kwenye mashua ya kuvulia nguru. Kosa lake lilikuwa moja. Alituambia, kahawa mkononi, kwamba kule nguru mrefu kama mtu walimvua kwa puto. Ndiyo, puto, hili hili la watoto la sikukuu. Unamtia samaki mdogo kwenye ndoana akiwa hai, juu yake kwenye mshipi unafunga puto, puto linaelea na kumshikilia chambo asizame, upepo unalipeleka mbali na mashua, na nguru anakuja mwenyewe. Benchi lilicheka mpaka kahawa ikawatokea puani. Kisha likamhamisha.

Mwezi mzima baiskeli yake ilisimama bila mzigo. Ndipo ijumaa moja akainuka kinuni akasema atakwenda Majanji, kwenye ziwa, amvue kwa puto yule samaki mpya anayeitwa mbuta, ambaye wavuvi wanaapa anameza wenzake wazima wazima. Akiwa hajarudi naye jumamosi kabla ya adhana ya magharibi, ataifungua keria ya baiskeli yake aitundike kwenye nguzo ya kibanda changu, na hatabeba tena mzigo wa mtu maisha yake. Alikwenda na shahidi, Mzee Mangeni, Msamia, ambaye tunamwita Neno Moja kwa sababu hajawahi kutupa mawili.

Sasa ilikuwa jumamosi hiyo, alasiri imepita. Mimi nilikuwa na gurudumu mkononi. Benchini walikaa wawili: Oundo, mtu wa upande wa Kenya, aliyewahi kufungua mlango wa mahakama ya hakimu kule Kisumu, na kwa hiyo tunamwita Jaji; na Etyang, Mteso wa Tororo, tunayemwita Redio, kwa sababu hazimiki.

– Jua liko wapi? – aliuliza Jaji.

– Liko pale lilipokuwa ulipouliza mara ya mwisho – Bi Hajarah alimjibu. – Kunywa kahawa yako.

– Nauliza kisheria. Muda ni sehemu ya kesi.

– Mimi nasema hii mtu hapana rudi – alisema Redio. – Iko Jinja sasa hivi. Imekimbia na baiskeli.

– Na Mzee Mangeni naye amekimbia? – niliuliza.

– Mangeni iko naye. Nani atajua? Mangeni hawezi kusema kama amekimbia, itakuwa maneno mengi.

Jaji alifungua kifungo kimoja cha koti lake. Ni koti la kaki, la kazi ya mlangoni, na hulivaa hata jua likiwa la kuua mbuzi.

– Tuweke mambo sawa – alisema. – Baluni ni hewa. Hewa inapanda. Ndoana ni chuma. Chuma kinashuka. Hawa wawili ukiwafunga kamba moja, umewafungulia kesi. Mmoja anavuta juu, mwingine chini. Samaki akipita hapo anaona ugomvi. Wewe ukiona watu wanagombana njiani, unaingia katikati na mdomo wazi?

– Wewe unaingia – alisema Bi Hajarah.

– Mimi naingia kwa ajili ya haki!

– Na baluni yenyewe ni nyekundu – Redio alidakia. – Samaki anaogopa nyekundu. Ile samaki, mbuta, nani aliileta? Serikali. Mimi nilisikia. Ilikuja na treni, usiku, ndani ya tangi ya maji, imefunikwa turubai, na askari wawili juu. Kwa nini askari analinda samaki? Jiulize.

– Haya, kwa nini?

– Ya kukamata watu wa kodi! Watu walikuwa wanakimbilia visiwani ikifika wakati wa kodi. Sasa nani atavuka? Mbuta iko katikati, inangoja. Ukiwa na stakabadhi, inakupisha.

– Samaki anasoma stakabadhi – alisema Bi Hajarah taratibu, kama mtu anayekariri ili asisahau kuwasimulia wengine.

– Hapana soma. Inanusa wino.

Jaji alitikisa kichwa, lakini si kwa kukataa. Ndiyo tabia ya benchi letu. Neno likishakuwa kubwa kuliko mlango, mtu halirudishi nje, analitafutia kiti.

– Kama ni wa serikali – alisema – basi Badiru akimshika ameshika mtumishi wa Malkia akiwa kazini. Hiyo ni kesi ya juu. Hatarudi hapa, atapelekwa Entebbe.

– Si nilisema! – Redio alipiga goti. – Na tena iko na waya! Kwenye mkia! Ile waya inakwenda mpaka Entebbe, ukivuta hii samaki hapa, kule kengele inalia.

– Nyinyi wawili – nilisema, na nilianza kupandwa na hasira, kwa sababu mtu alikuwa ameweka keria yake na riziki yake rehani na hawa wanavuta waya mpaka Entebbe. – Waya pekee ulioko kwenye ziwa leo ni waya wa breki niliompa mimi. Alikuja akaniambia, fundi, nguru ana meno, anakata mshipi, sijui huyu mbuta ana meno gani, nipe kipande cha waya nikifunge juu ya ndoana. Nikampa. Basi.

– Kwa hiyo unamwamini! – Jaji alinielekezea kidole.

– Sijaona, sisemi. Nilisema hivyo siku ile ya kwanza na nasema hivyo leo. Nyinyi mliona nini mpaka mkamkalisha kinuni?

Redio aliinamia kikombe chake. Kisha Jaji akarudia jambo alilokuwa analirudia tangu jana, kwa sababu ndilo lililomfanya ajione salama.

– Hata hivyo baluni ni yangu.

Ilikuwa hivi. Ijumaa, Badiru alipoleta puto kutoka duka la Mhindi, Jaji alikataa katakata kumwachia alipulize mwenyewe. Alisema mtu wa Pwani anaweza kutia dawa kwa pumzi, na dawa si uvuvi. Kwa hiyo alilipuliza yeye Jaji, mbele ya watu wote, kisha akachomoa uzi kwenye pindo la koti lake la kaki na kulifunga shingo kwa uzi huo, ili lisije likabadilishwa njiani. Samaki na puto lazima warudi pamoja, alisema. Samaki bila puto si ushahidi, samaki tu.

– Ulilipuliza likawa kama boga – nilimkumbusha.

– Nilikuwa na pumzi ya kutosha.

– Na Badiru akakwambia ulipunguze.

– Ndiyo, lilipunguzwa! – Jaji aliudhika upya. – Nusu ya pumzi yangu aliitoa hapa hapa, mbele za watu, puto likabaki kama chungwa! Nikamuuliza, mbona unapunguza ushahidi? Akasema eti likiwa kubwa upepo unalibeba kwa nguvu, linamburura chambo mpaka afe, na samaki mkubwa akilivuta analiona zito anatema. Likiwa dogo, chambo anaogelea vizuri, na mkubwa anashuka nalo bila kushtuka. Maneno hayo nilimwachia aseme. Mshtakiwa ana haki ya kusema.

– Kwangu mimi hiyo ndiyo itamshinda – alisema Bi Hajarah akimimina kahawa.

– Nini?

– Pumzi yako. Ulikuwa umetoka kula vitunguu. Samaki gani atasogea hapo?

Tulicheka. Hata Jaji alicheka, kidogo, upande wa mdomo ambao haukuwa karibu na Bi Hajarah.

Lori la pamba lilitokea njia ya Majanji, likapunguza mwendo mbele yetu. Dereva alitoa kichwa.

– Jamaa wenu nimempita kule nyuma ya Lumino! Yeye na mzee!

Redio alikuwa ameshasimama. – Anapanda ama anasukuma?

– Anasukuma! Spoki za nyuma zimekatika, gurudumu limekuwa kama chapati!

– Ana samaki? – niliuliza mimi.

– Kuna kitu kirefu kwenye keria, kimefungwa majani ya migomba. Sikuuliza. – Na akaondoka, na vumbi lake likatuingia kwenye vikombe.

Jaji alikaa chini polepole, kama mtu anayepima kiti cha mtu mwingine.

– Gogo – alisema.

– Gogo la nini?

– Amekata mti, ameufunga majani. Mtu mwenye samaki anamwonyesha. Mwenye gogo anafunika. Na tena, afunue asifunue, kwa gurudumu hilo hafiki. Magharibi itamkuta njiani. Kesi imekwisha. Fundi, andaa msumari wa kutundikia keria.

– Msumari wangu ni wa kazi – nilimwambia. – Tundika koti lako.

Nilikasirika kweli. Si kwa sababu ya gogo au samaki. Nilikasirika kwa kuwa nilimjua Badiru miaka yote hii. Aliwahi kuleta chungu cha samli kutoka Molo, mvua ya mawe njia nzima, na samli ikafika na kifuniko chake bila tone la maji. Mtu wa namna hiyo amekaa kinuni kwa sababu ya puto.

Muhamadi, mwadhini wa msikiti wetu, alipita akielekea kazini kwake, akasimama kama kawaida apate kikombe kimoja cha kulainisha koo. Jaji alimpisha nafasi kwa heshima ambayo hajawahi kumwonyesha.

– Karibu, sheikh. Leo naona giza limewahi.

– Silioni – alisema Muhamadi.

– Kule mashariki. Kwa upande wa Kenya tayari ni usiku.

– Mimi siadhini kwa upande wa Kenya, Oundo. – Akapuliza kahawa yake, akanywa funda, akapuliza tena. Sijawahi kuona mtu akinywa kikombe kimoja kwa muda mrefu namna ile, na Mungu anajua kama ilikuwa moto sana au alikuwa na sababu yake. Alipomaliza alimpa Bi Hajarah kikombe, akatazama jua, akatazama njia ya Majanji, akasema, – Kimoja tena.

Hapo ndipo watu wa barabarani walipoanza kupiga kelele.

Kwanza zilikuwa kelele tu, kule kwenye duka la mwisho. Kisha wanawake wa sokoni wakaacha mafungu yao ya nyanya. Kisha tukaona puto. Jekundu, dogo kama chungwa, limefungwa kwenye usukani wa baiskeli, linarukaruka. Nyuma ya puto alikuwa Badiru, amefunga viganja vyote viwili kwa matambara, shati limemkaukia mwilini, anasukuma baiskeli inayopepesuka kama mlevi. Upande wa pili alikuwa Mangeni, anashikilia. Majani ya migomba yalikuwa yameshachanika, na kutoka ndani yake ulikuwa umetoka mkia mpana kama ungo, unafagia barabara ya serikali.

– Gogo hilo lina mapezi, Jaji – alisema Bi Hajarah.

Badiru alisimamisha baiskeli kwenye nguzo ya kibanda. Alimwegemeza samaki begani, Mangeni akashika mkia, wakaja moja kwa moja mpaka kwenye benchi. Jaji na Redio waliinuka wenyewe kumpisha. Wakamlaza. Kichwa kilikaribia mwanzo wa ubao, mkia ukaning'inia mwisho wake. Ilibaki nafasi ya mtu mmoja mwembamba, pale kichwani. Badiru akaikalia.

Benchi zima likawa limejaa. Sisi wengine wote tukawa tumesimama.

Muhamadi alirudisha kikombe cha pili. – Mashaallah – alisema. Akatazama jua, ambalo sasa lilikuwa limebakiza ukucha, na akaanza kwenda zake bila haraka.

– Subirini! – Jaji alijikohoza. – Samaki tumemwona. Hatukatai samaki. Lakini samaki anaweza kununuliwa. Anaweza kunaswa kwa nyavu. Shahidi aseme. Mzee Mangeni! Samaki huyu ameshikwa kwa baluni, ndiyo au siyo?

Watu wote walimgeukia Mangeni, tukingoja lile neno lake moja. Mzee alichukua kikombe kutoka kwa Bi Hajarah, akanywa chote, akakirudisha kijazwe. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona. Alisema.

– Nyinyi watu – alianza – mimi ni mtoto wa ziwa. Baba yangu alivua, mimi nilivua mpaka mgongo ukakataa. Nilikwenda na huyu Badiru nikiwa na jibu langu mfukoni. Jibu lilikuwa, siyo. Sasa sikilizeni. Alfajiri upepo wa nchi kavu ulikuwa unasukuma kwenda ndani. Huyu akafurahi, akasema huu ndio wenyewe, jioni ungeturudishia puto usoni. Tukaingia kwenye mtumbwi wa shemeji yangu. Ngege wadogo, samaki wa chambo, tulikuwa nao kwenye debe, hai, tangu machweo alikuwa anawabadilishia maji kama mtu anauguza. Akamchagua mmoja mkorofi. Akampitisha ndoana mgongoni, kwenye ngozi tu, juu juu, asiguse uti. Nikamuuliza, mbona usimpitishe tumboni akakaa imara? Akasema, mzee, akifa huyu, tumebaki na mboga.

– Mangeni anaongea – Redio alininong'oneza, macho yamemtoka.

– Puto akalifunga kwenye mshipi kwa uzi wa pamba, mwembamba, ule wa kushonea shati. Nikacheka moyoni, nikasema, uzi huo utakatika. Tukalishusha. Basi likaanza kutembea. Jekundu, peke yake, kwenye maji meupe. Linakwenda, linasimama, linageuka kidogo, kama mama anayetafuta nyumba ya mtu. Ngege ndiye alikuwa analiongoza kwa chini. Tukakaa. Jua likapanda. Halafu puto likaanza kutetemeka.

– Kutetemeka vipi? – aliuliza Jaji. Alikuwa amesahau kuwa yeye ni jaji.

– Kama mtu wa malaria! Ngege ameona kitu. Anataka kupanda, hana pa kwenda. Badiru akaweka kidole mdomoni. Mimi sikuwa nasema hata hivyo. Mara puto, chubwi! Halipo. Maji yamefunga. Na mshipi ukaanza kukimbia mikononi mwake, nasikia ngozi inaungua, hauachi, na puto likaruka juu huko mbali, peke yake. Uzi umekatika.

– Niliufunga ukatike – Badiru alisema kwa mara ya kwanza, sauti imekauka. – Mkubwa akishashika, puto halina kazi tena. Likibaki linampa nafasi ya kutema.

– Umesikia? – Mangeni alimgeukia Jaji. – Lakini wewe ulisema warudi pamoja. Samaki na puto. Sasa samaki anatuvuta huku, puto linapeperuka kule, linaelekea visiwani. Badiru ana mshipi mikononi, akiuachia amekwisha. Akaniangalia. Akasema, mzee, puto! Nikasema, wacha puto, huyu ni samaki wa mwaka! Akasema, bila puto huyu ni samaki tu, Mzee Mangeni, mimi nitarudi kinuni. Alikuwa analia au ni maji, sijui.

Hapa Mangeni alikatiza, akanywa kikombe cha pili.

– Nikaingia majini.

– Wewe! – Bi Hajarah alishika kifua.

– Mimi. Na nguo zangu. Mara ya mwisho niliogelea mke wangu mkubwa akiwa mwari. Mtumbwi unavutwa na samaki kwenda huku, mimi naogelea kwenda kule.

– Na mamba je? – aliuliza Redio.

– Sikuwauliza. Nikalifikia puto. Nikaliweka juu ya kichwa, nikalishika kwa mkono mmoja, naogelea kwa mwingine, nikageuka kutafuta mtumbwi. Hakuna mtumbwi. Uko mbali, mdogo kama kuku. Nikasema, Mangeni, umekufa kwa ajili ya pumzi ya Oundo.

Watu wazima walikuwa wameshikana mabega kwa kicheko.

– Ndipo samaki akageuka. Yeye mwenyewe! Akarudi na mtumbwi wote, Badiru ameng'ang'ania mshipi kwa mbele, anavutwa kama tela, wanakuja moja kwa moja juu yangu. Nikashika ubavu, nikapanda. Samaki ndiye aliyenifuata kunichukua. Tulimvuta na kumwachia, kumvuta na kumwachia, mpaka akaja juu amelala ubavu, na waya wa fundi uko mdomoni mwake hivi. – Akanielekezea kidole. Nikatazama, na kweli, waya wangu wa breki ulikuwa pale, kwenye kona ya mdomo, umepinda lakini mzima. – Umeniuliza ndiyo au siyo. Ndiyo! Na ukiniuliza kesho, ndiyo! Bi Hajarah, niongeze.

– Imekwisha – alisema Bi Hajarah, akainamisha birika lote, na halikutoa tone. – Umeinywa yote.

Kelele zilizopigwa hapo zilivuka mpaka, naapa. Lakini Jaji aliinua mkono. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyebakiwa na mlango mmoja tu wa kufunga.

– Baluni – alisema. – Naomba kielelezo.

Badiru alilifungua puto kwenye usukani akampa. Jaji aliligeuza, akaukagua uzi shingoni. Uzi wa kaki. Akakunja pindo la koti lake, akalinganisha. Watu walisogea.

– Uzi unaweza kufungwa upya – alisema, lakini sauti ilikuwa imeshapungua.

– Basi fungua unuse – alisema Badiru. – Pumzi yako si unaijua?

Jaji alifungua. Akaliweka puto karibu na pua. Fiii, hewa ikatoka, polepole, na Bi Hajarah aliyesimama karibu akarudi nyuma hatua nzima akijifunika pua kwa ushungi.

– Vitunguu! – alisema. – Wallahi ni vitunguu!

Jaji alibaki na kile kipande cha mpira mkononi, kimenywea.

– Ni yangu – alisema.

Hakuna hukumu nyingine iliyohitajika. Wanawake walipiga vigelegele, mtu alimmwagia samaki maji kama anamwogesha bwana harusi, Redio akaanza kuwaeleza waliochelewa kwamba yeye tangu mwanzo alisema huyu samaki anapenda nyekundu. Badiru alikaa pale pale, kichwa cha mbuta kimeegemea paja lake, viganja vimefungwa, akitabasamu kwa meno yote.

Katikati ya kelele hizo alifika mama mmoja kutoka upande wa kituo cha mabasi. Hatukumjua. Alikuwa Mjopadhola, jina lake Awor, na kichwani alikuwa na kitu kizito kimefungwa kwenye blanketi.

– Hamjambo, wazee. Hiki ni kichwa cha cherehani – alisema akikitua. – Ni cha Nagongera, kwa binti yangu. Mimi nakwenda Petta, dada yangu amejifungua, siwezi kukibeba. Nimeambiwa huku kuna benchi la watu wakweli.

– Ndilo hili, mama nyabo – alisema Redio.

Awor alitazama benchi. Akamwona Badiru na samaki. Akatutazama sisi, mmoja mmoja, tuliosimama. Kisha akatazama kinu.

– Na nimeambiwa muongo ndiye hukaa kwenye kinu – alisema. Hakuwa na ubaya wowote, mama wa watu, alitaka tu kuelewa. – Sasa mbona kinu kitupu, na nyinyi wote mmesimama?

Redio alitazama angani. Jaji alikikunja kile kipande cha mpira, akakikunjua, akakikunja.

Ndipo Muhamadi akaadhini.

Sijawahi kuona adhana ikipokelewa kwa furaha namna ile. Waislamu waliondoka, Badiru akiwa mbele, watu wakimpisha kama gavana. Redio, ambaye jumapili huimba kwaya kule Tororo, aliondoka nao. Na Jaji, aliyebatizwa Oundo Zakayo, baba yake akiangalia, alifunga vifungo vyote vya koti la kaki na kuwapita wote kwa mwendo, akielekea msikitini.

Nilichukua spoki mpya nikaanza kazi kwenye gurudumu la Badiru, maana cherehani ya Nagongera ingeondoka asubuhi, na haingeondoka na mtu mwingine. Awor alikwisha kuifunga mwenyewe kwenye keria, mafundo mawili, bila kuuliza zaidi. Miguu ilikuwa imemuuma kwa safari. Akatafuta pa kukaa, benchi likiwa na samaki, akaona mahali pamoja tu, akakalia kinu.

– Inuka hapo, mama – alisema Bi Hajarah akikusanya vikombe. – Hapo pana wenyewe.

– Wako wapi?

– Wamekwenda kusali.